Cheti Changu Kitatoka na Jina la Wifi Yangu

Mpendwa mshauri,

Nakusalimu kutoka Huruma, Eldoret, na naomba unisomee kwa huruma, maana mwandiko wangu ni wa mtu aliyeishia darasa la saba. Nina mume, Kabiru, anayepakia mahindi kwenye malori, na nina mtoto msichana wa mwaka mmoja na nusu, na nina siri ambayo hata sikuiita siri mpaka juzi.

Mwaka jana wifi yangu Warigia aliomba nafasi chuoni hapa mjini asomee taipu na uhasibu, na mama mkwe akauza ng'ombe akalipa ada, lakini barua ilipokuja ikasema madarasa hayo yamejaa, nafasi iliyobaki ni ya kuchomelea vyuma. Warigia alicheka mpaka akakaa chini, akasema yeye havai miwani nyeusi kama mwanamume, na wiki hiyo hiyo akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Chuo hakirudishi ada. Mama mkwe akanitazama mimi niliyekuwa nikinyonyesha pale, akasema, "Nduta, enda wewe. Ng'ombe wangu hatapotea bure." Basi nikaenda na barua ya Warigia, na mwalimu aliposoma rejista akaita Warigia, nikasema niko, na nimesema niko kwa mwaka mzima.

Mshauri, sikujua kuwa chuma kinaweza kupendeza. Unashika kile kijiti cha kuchomelea, unagusa chuma, kinawaka mwanga ambao macho matupu hayawezi kuutazama, na chini yake chuma kinakuwa kama uji unaochemka na wewe unauongoza polepole, ukiharakisha haushiki, ukikawia unatoboa. Wavulana walinicheka siku za kwanza, mmoja akaniuliza, "Mama, moto wa jikoni umekushinda ukaona uje kwa huu?" lakini Mwalimu Wanyonyi hakucheka. Huyo ni mtu nitamheshimu hata nikizeeka. Hana maneno ya kusifu watu. Anagonga kwa nyundo lile ganda linaloganda juu ya chuma kikipoa, linaanguka, anapitisha kidole gumba juu ya mshono, na kama ni mzuri anasema tu, "Hii imeshika," anaenda kwa mwingine. Siku akiniambia hivyo narudi nyumbani kama niliyepewa zawadi. Na saa nne mama mkwe huniletea mtoto langoni nimnyonyeshe, huku akimwambia mlinzi kwa sauti kwamba mimi ni fundi wake.

Sasa shida imekuja. Mtihani wa serikali wa ufundi, gredi ya tatu, uko Novemba, na Mwalimu ametupa fomu tuandike jina na namba ya kipande, yaani kitambulisho, zitumwe Nairobi tarehe ishirini mwezi huu. Kipande changu ni cha Nduta. Tena Mzee Aden, mwenye yale malori anayopakia Kabiru, aliniona nikiziba mlango wa nyuma wa lori lake uliopasuka, akasema nikimletea cheti atanipa kazi gereji kwake, na yeye ananijua kama Nduta bibi ya Kabiru. Nilipomwambia Warigia akasema nichukue kipande chake, cheti kikitoka tutakitumia sisi wawili, kwani nani ataangalia. Kabiru naye anataka ninyamaze nisije nikafukuzwa. Mimi naogopa kumwangalia Mwalimu usoni na kumwambia kuwa yule mwanafunzi anayemwamini hayuko. Nikisema nitafukuzwa, nisiposema kazi ya mikono yangu itakuwa ya mtu mwingine. Nifanye nini?

Nduta, Huruma

Nduta,

Jibu hili nimelitanguliza kwako kwa posta. Gazetini litatoka baada ya hiyo tarehe ishirini, kwa hivyo usihofu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Mwanamke anayenyonyesha saa nne na kurudi kwenye moto saa nne unusu anastahili kupigiwa makofi, na wakwe kama huyo wako hawauzwi sokoni. Hayo ni ya kukusifu. Sasa kaa vizuri nikukemee.

Siku ya kwanza ulikuwa na haki ya kuogopa. Siku ya pili ungesema. Mwaka mzima, huo ni uvivu wa ulimi. Mtoto wako nadhani ulimpa jina la nyanya yake kwa desturi yenu, na mtu akimwita jina lingine utakasirika. Lako mwenyewe ulilitupa wapi? Na hicho cheti cha watu wawili anachokisema wifi yako, cheti si sufuria ya kuazimana. Kufanya mtihani wa serikali kwa kipande cha mwenzako ni kosa la kukusimamisha mbele ya hakimu, na mume anayekwambia unyamaze hatasimama hapo badala yako.

Usiijaze hiyo fomu kabla ya kusema ukweli. Mwendee Mwalimu kabla ya darasa, wavulana wasiwepo. Nenda na mama mkwe, maana wazo lilikuwa lake na ng'ombe alikuwa wake. Warigia aandike kwa mkono wake kwamba nafasi alikuachia, atie sahihi. Akikataa, nenda bila hiyo karatasi. Usianze na machozi. Sema jina lako, weka kipande mezani, eleza ulivyokosa, halafu uombe rejista irekebishwe. Mtu anayegonga ganda kwanza ili aone kilicho chini yake hataupenda uongo wako, lakini kazi yako ameshaiona. Huenda akakupeleka kwa mkuu wa chuo, huenda ukaadhibiwa. Kubali adhabu.

Na wakikufukuza? Nilipita ofisi ya kazi kuuliza kabla ya kukujibu. Mtihani huo hufanywa hata na mafundi wa jua kali ambao hawajakanyaga chuo. Kwa hivyo wanaweza kukunyima darasa, hawawezi kukunyang'anya ufundi. Mwambie na huyo Mzee Aden ukweli ule ule mapema, kwa sababu mwenye malori husikia habari zote za mji, na ni heri aisikie kwako.

Ukiipokea barua hii jioni, kesho asubuhi uwe mlangoni kwa Mwalimu kabla ya kengele, ovaroli imefuliwa, mtoto mgongoni kwa nyanya yake, na wewe ndiye utakayezungumza.