Kuku za Matanga Zilizonunua Petroli

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Mundika nyanya yako ni mzima, na mahindi yamekubali. Unauliza mtajazaje watu kwa muziki wa kumchangia mgombea wenu hapo chuoni. Umeuliza fundi.

Miaka ya sitini, sisi vijana tulipanga muziki chuo cha walimu, mgombea wetu apate petroli. Watu hawakuja. Nikapiga ngoma ya kutangaza kifo. Wamama walifika mbio na kuku.

“Nani amekufa?” mmoja akaniuliza.

“Hakuna, mama. Gari ya mgombea ndiyo imekufa.”

“Mjinga wewe. Lakini kuku ya matanga sirudishi nyumbani. Shika.”

Wengine nao wakatoa zao, tukaziuza, gari ikapata petroli. Yule mama alicheza mpaka jioni, na siku ya kura alitangulia foleni, akiuliza kuku yake imefika wapi.

Nyinyi mnauza tikiti tu, na mwenye tikiti haulizi imefika wapi.

Babu yako, mpiga ngoma