Plagi Ndefu za Baba Mkwe

Tseikuru

Kwako Baba,

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii vizuri siku hizi, na haya si maneno ya kupigiwa kelele majirani wakisikiliza. Dada Mumbua akusomee polepole. Goti lako linakuruhusu kupanda hiyo milima ya Mbooni? Mama bado anakohoa baridi ikishuka? Mimi, mke wangu Mwende na mtoto tuko hai, lakini hali ni mbaya.

Baba, maji yote tunayotumia hapa kwa kina Mwende huletwa na pikapu ya zamani ya baba mkwe. Injini yake ni sawasawa na ya pikapu yako, ile kuku wanatagia mayai nyuma ya jikoni. Hubeba mapipa kutoka kisima kilicho mbali, ng'ambo ya mchanga wa mto. Juzi ilikohoa, ikazima kabisa. Nikafungua plagi zinazowasha moto wa injini, nikakuta kauri zake nyeupe zimepasuka. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikazichoma kwa makaa, wapi! Sasa maji hayaji, na ng'ombe wawili wamelala chini kwa kiu, hawainuki.

Baba mkwe akaenda mjini Mwingi mwenyewe, akarudi na plagi mpya zinazong'aa, nzuri za kuwekwa kabatini. Niliposhikanisha moja na ya zamani, sehemu inayoingia ndani ya injini ilizidi kwa punje nzima ya ndengu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba plagi ikiwa ndefu, pistoni ikipanda itaigonga, na injini imekwisha.

"Baba, si tuzipime kwanza?" nikamwuliza, macho chini.

"Kupima nini? Mtu wa spea ameniambia hizi ndio strong. Na pastor ameziombea kanisani. Wewe weka tu, Kioko, tuwashe gari."

Ningekuwa fundi wa kuitwa ningekataa. Lakini mimi nimemwoa binti yake, na nthoni unaijua: mkwe hamwambii baba wa mkewe kwamba amekosea, hata kwa utani. Mwende alijaribu kumweleza, akaulizwa gari limekuwa mambo ya wanawake tangu lini. Mimi nikasingizia kwamba spana ya plagi imepotea. Sasa anasema ataazima ya jirani. Yeye ameshika mpini, mimi nimeshika makali, na naogopa kweli.

Kwenye mkebe wako wa rangi, juu ya kabati, kuna plagi fupi. Tafadhali usimpe dereva wa lori la ndengu anayekuletea barua hii. Zikifika mkononi mwangu, nitakuwa nimemsahihisha mzee. Ukizileta wewe, ni zawadi ya mzee kwa mzee mwenzake, na ataamuru mwenyewe zifungwe. Dereva anarudi huku kesho yake. Panda naye, hata kama goti linauma. Nisamehe kukuomba hivyo.

Nisalimie Mama, kaka Mutiso na mkewe, na shangazi yetu wa kwaya, aniombee kwa sauti ile yake kubwa. Mwende anakusalimu, na mjukuu wako ameanza kutembea.

Baba, nimemkwepa mara moja, mara ya pili sitaweza. Akisema tena "weka", nitaweka, huku nikijua ninachoua.

Ni mimi mwanao,
Kioko