Mtoto Asiyelilia Titi

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo, na goti lako limepoa. Mimi siumwi, ila nakukumbuka sana, hasa mchana, Dada Nafula akiwa shambani kwenye miwa, nami nikibaki na mtoto wake na mama mkwe wa Dada, tunayemwita Kukhu, yaani bibi.

Mtoto alipozaliwa, Kukhu alimtajia majina ya wazee waliokufa, tuone atanyamaza kwa lipi, ndilo liwe lake. Alipotaja la babu yake, la kwanza kabisa, kukawa kimya. Watu wakashangilia. Lakini Mama, mtoto hakuwa amelia hata kidogo. Alilala tu. Miezi miwili, matrekta ya miwa yakipita mlangoni, hashtuki. Macho yalibaki manjano, ulimi mnene, ngozi baridi, na choo kila baada ya siku nne. Mimi ndiye niliyemwamsha anyonye. Kukhu alicheka, "Amekufuata wewe, bubu wa Mautuma!" Unajua, Mama, hata huko kwetu Mautuma sikuwa msemaji.

Siku ya chanjo, sista wa kliniki alimwuliza Dada kama kuna shida.

"Hakuna, sista. Ni mpole tu."

Sista akaita mtoto mwingine. Sijui sauti niliitoa wapi: "Sista, huyu hajawahi kulilia titi."

Akageuka. Akamvua nguo, akatazama ulimi na kitovu kilichotokeza, akatutuma hospitali kubwa.

Damu yake ilipelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, daktari alisema tezi ya shingoni haifanyi kazi, na bila dawa mwili utadumaa, na akili pia. Ni tembe kila asubuhi, maisha yake yote. Naisaga na kuichanganya na maziwa ya Dada kwenye kijiko.

"Tumechelewa?" Dada aliuliza.

"Mngekuja mapema ingekuwa bora," daktari akasema. "Tutajua akikua. Msiruke hata siku moja."

Sasa anafungua macho na kunifuata ninapotembea. Lakini Kukhu haniongeleshi. Anasema nimemkataa babu aliyemchagua mtoto kwa ule ukimya, na mtoto anayenyonya hahitaji dawa. Tunakula ugali sahani moja, yeye akitazama mlangoni. Jana Dada alinishika mkono: "Nekesa, usirudi nyumbani bado. Nikienda shambani alfajiri, nani atampa dawa?"

Kwa hiyo, Mama, Krismasi sitakuja. Nililia nikifua nepi, kisha nikaanika.

Nisalimie Baba, na Shangazi Rispa wa mandazi. Wekesa, mchunga ng'ombe wetu, mwambie asinitazamie barabarani.

Ni mimi binti yako,
Nekesa