Koti Lako Nililivaa Mimi

Mtani wangu Katana,

Sikusalimii. Tangu lini mimi na wewe tukasalimiana kama watu? Siku tuliyojuana sawasawa nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, ukapunguza mwendo wa lori lako pale barabarani Matsangoni, ukatoa kichwa dirishani na kuniambia, "Wee mwanamke, ukiongeza ndoo nyingine hiyo shingo itaingia tumboni." Nikakujibu kwamba afadhali shingo yangu kuliko pua yako, ambayo hufika nyumbani siku moja kabla ya lori. Mkeo Kadzo alicheka mpaka akakaa chini na mchicha wake mkononi.

Wageni walidhani tuna ugomvi. Hawakujua kwamba ukoo wenu na wetu ni watani tangu mababu, tunatukanana wala hatununi. Na mmoja akifa, mtani wake ndiye huvaa nguo za marehemu mbele ya waombolezaji, akauiga mwendo wake na maneno yake, hadi walio na machozi wacheke. Tulikuwa tumeshaahidiana. Wewe uliapa utavaa leso zangu na kutembea kama bata. Nami nikaapa kuvaa lile koti lako la kaki, lililonuka dizeli hata likifuliwa.

Kila uliporudi safari ulikuja kuketi jikoni kwangu, ukala muhogo wa nazi bila kukaribishwa, ukatuhadithia njia: Malaba, Tororo, Kampala, Kigali, hadi Zaire kwenye matope ya kumeza magurudumu. Ndiko tulikousikia kwanza ugonjwa wa kukonda. Ulituambia kama mtu anayehadithia mvua ya kwa watu. Safari iliyofuata ukaja na hadithi ndefu zaidi. Waganda, ulisema, wanadai umetoka Tanzania. Wa Bukoba nao wanaapa umevuka kutoka Uganda. Kigali wanaelekeza kidole Zaire, na Zaire ulipowauliza walikwambia ni uongo wa Wazungu.

Nilicheka. Wewe hukucheka.

"Mtani," ulisema, "mimi kila mpaka nalala chini ya lori nikingoja karatasi zipigwe muhuri. Huo ugonjwa haujaulizwa karatasi hata pahala pamoja."

Na sisi huku tulifanya nini? Tulifanya yale yale. Matsangoni tukasema ni mambo ya Mtwapa na mabaa yake. Mtwapa wakasema ni ya Mombasa. Malindi wakasema ni ya wageni wa mahoteli na watu wa bara, kisha wenye biashara wakaanza kunong'ona kwamba hata kuutaja si vizuri, watalii watakimbia. Ungedhani tunasukumiana mbuzi aliyekula shamba la mtu.

Kisha ukarudi safari ile ya mwisho, ukashuka kwenye lori ukijishikilia mlangoni. Nami, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikakwambia, "Mtani, kula, la sivyo upepo wa kusi utakuchukua utuachie pua." Ulitabasamu kidogo.

"Ndio huo, mtani. Ule wa kukonda, tuliosema ni wa kwa watu."

Nikakosa tusi, Katana. Maisha yangu yote sikuwahi kukosa tusi mbele yako. Nilisimama nimeshika mwiko, nawe ukaniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona machoni mwako. "Usininyamazie," ulisema. "Wote wameninyamazia. Ndugu zangu wananiwekea chakula mlangoni na kuondoka. Ukinyamaza na wewe, basi nimeshakufa."

Ndipo nikakuchukulia kigoda, nikakwambia ukae kabla hujaniangukia na kunivunjia vyungu. Tukala sahani moja, nami nikakutukana hadi jua likazama. Ulinieleza kwamba ulimuuliza daktari wa Kampala, akakwambia haushiki kwa nguo wala kwa kula pamoja. Ulipoinuka kwenda ukaniambia, "Lile koti ulivae. Usipolivaa nitakuwa nimezikwa kama maiti aliyeokotwa barabarani."

Siku ya mazishi yako, baba yako mdogo, Mzee Karisa, alisimama uani akatangaza mambo yake. Marehemu amekufa kwa malaria. Jeneza halifunguliwi. Matanga hayatakuwapo, watu wazike warudi makwao. Na watani wakae chini, hii si siku ya mchezo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kadzo alikuwa peke yake kwenye mkeka, na mkeka wenyewe mkubwa, wa kukaliwa na wanawake wengi.

Nyuma ya nyumba walikuwa wamerundika godoro lako, sahani yako, viatu, na koti juu yake. Mafuta ya taa yalikuwa tayari ndani ya kopo. Niliogopa, sitakuficha. Nilikuwa nimekusikia wewe na daktari wako, lakini masikio yalikuwa yamesikia na mikono bado. Nikalichukua koti hivyo hivyo.

Mzee Karisa aliniona. "Weka chini hilo, mwanamke. Wataka kutumaliza?"

"Baba, shikamoo," nikamjibu, maana heshima ni heshima. "Lakini mtani haombi ruhusa."

Nikalivaa. Nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, nikaingia uani. Watu walirudi nyuma mpaka migongo ikagusa ua wa makuti. Nikatembea mwendo wako, ule wa miguu kutanuka kama bado umekaa kwenye usukani. Nikapiga honi yako kwa mdomo. Kisha nikasema, kwa sauti yako ya puani:

"Mimi Katana. Nimetoka safari. Nimefika Kigali, wakaniambia huo mzigo si wetu, pitisha. Nimefika Kampala, wakasema si wetu, pitisha. Malaba hawakutaka hata kunigongea muhuri. Sasa nimefika kwetu Matsangoni, nanyi mwaniambia nipite. Nipite niende wapi? Mbele ni bahari."

Hakuna aliyecheka. Nilisimama pale katikati ya uani nikisikia jasho linanitiririka ndani ya koti lako, nikadhani nimekuaibisha. Ndipo mamako, aliyekuwa ameegemea ukuta tangu alfajiri, akainua uso.

"Pua," akasema. "Umesahau pua."

Basi nikajifinya pua nikaivuta mbele, na mamako akacheka, Katana. Alicheka akapasuka kilio katikati ya kile kicheko, na uani kote watu wakafanya vivyo hivyo. Wanawake wakaja kukaa mkekani kwa Kadzo, mmoja akamshika bega. Matanga yakakaliwa. Mzee Karisa alisimama na kopo lake la mafuta ya taa, mwisho akaliweka chini akaenda kulilia migombani.

Baada ya hapo wakaningoja nikonde. Nikienda kisimani macho yote mifupani mwangu. Nikikohoa, watu wanakonyezana. Nami nikawakomoa: nimenenepa. Nimenenepa makusudi, kwa muhogo na samaki na ukaidi, na ile shingo uliyoisema sasa haionekani kabisa.

Redio siku hizi inazitaja nchi, Katana. Leo Zambia, kesho Malawi, kesho kutwa Rwanda na Burundi, hata za kule magharibi ambako lori lako halikufika. Na bado kila mkubwa anayehojiwa anasema kwake si sana, tatizo liko kwa jirani. Namsikiliza huku nimevaa koti lako, maana asubuhi za masika lina joto, na namjibu pale pale jikoni kwamba bara hili halina jirani wa kusukumiwa mgonjwa. Nitaendelea kumjibu hata kama hanisikii. Juzi walikuja watu kutoka Sabaki, wamefiwa na binti yao na watani wao wamejificha. Nikawaambia sina utani nao, lakini nitauazima. Nikaenda.

Ila wewe sijakusamehe. Zamu yako umeikimbia. Nani sasa atavaa leso zangu?

Nilimwambia Kadzo maneno hayo wiki iliyopita, tukiwa tunachambua mchicha. Tangu ufe hajawahi kutania mtu, na afya yake, wewe wajua, ni ya kupanda na kushuka. Akaendelea kuchambua, mpaka nikajuta kumwambia.

"Nitazivaa mimi," akasema mwisho. "Mwendo wa bata naujua. Lakini nikitangulia mimi, wifi, usije ukajaribu nguo zangu. Utazipasua, ulivyonenepa. Wewe vaa lile koti."

Tulicheka mpaka mchicha ukamwagika. Nilipofika nyumbani nikalifua, nikalitundika nje mlangoni, upande wa barabara, kila apitaye alione.

Lala, mwenye pua.

Ni mimi mtani wako, asiye na shingo.