Tawi la Namtumbo Chumbani Kwangu

Jumatatu, 14 Oktoba 1996
Nimeruka madumu ya dawa za tumbaku ndipo nikaufikia mlango. Nyuma ya kitanda, magunia ya mbolea mpaka darini. Chumba hiki tunacholala ndicho Tawi la Namtumbo la kampuni moja ya tumbaku ya Songea mjini. Mkuu wa Tawi ni mume wangu, Kosmas. Bado kalala, mdomo wazi. Wakulima wamejaa uani wanamsubiri Mkuu aamke.

Mwanangu Tana anakohoa tena. Hata kutembea hajajua vizuri. Kosmas anasema ni vumbi la Oktoba. Vumbi! Watoto wote wa jirani wanacheza kwenye vumbi hilohilo na ni wazima.

Jumatano, 16 Oktoba
Mwenye kampuni kaja kutoka Songea. Tai shingoni, na jua hili. Juzijuzi tu alikuwa anauza mitumba; tangu soko huria lije, lazima aitwe Mkurugenzi. Hakusalimia. Kaenda moja kwa moja kwenye kibao cha jina la kampuni alichokipigilia ukutani kwangu, mbele ya nyumba, kakipangusa kwa leso. Halafu amri. Wageni wangu wasije saa za kazi. Nisipike dagaa, wateja wanasikia harufu. Nguo nianike nyuma.

Nikamwomba apange stoo ya kuweka dawa, mtoto anaumwa. Akacheka. Eti nyumba ni ya Kosmas, kampuni haiingilii mambo ya chumbani kwa mtu.

Kosmas kaitikia, "Ndiyo mzee." Aibu niliona mimi.

Ijumaa, 18 Oktoba
Dumu moja limevuja. Tana kakohoa mpaka katapika. Mbio zahanati. Mganga kanusa nguo za mtoto, kauliza analala wapi. Nikamwambia. Kanitazama kama mwendawazimu. Kasema asirudi chumba kile kabisa, mapafu yake yataharibika.

Tumehamia jikoni, mimi na mwanangu. Kosmas kabaki kulinda ofisi. Lione!

Jumatatu, 21 Oktoba
Songea, kwa afisa kazi wa serikali. Nimekwenda na lori la mahindi, Tana mgongoni. Mzee mpole, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, kaitikia vizuri. Kanisikiliza mpaka mwisho. Sijazoea.

Kasema sheria haiulizi paa ni la nani. Inauliza kazi ni ya nani, na amri zinatoka kwa nani. Mwajiri akimfanyisha mtu kazi nyumbani, usalama wa pale ni mzigo wa mwajiri. Atakuja Alhamisi, na Mkurugenzi ataitwa. Ila Kosmas aseme mwenyewe kwamba aliamriwa kuziweka dawa ndani. Bila hivyo litabaki neno la mke.

Jumatano, 23 Oktoba
Kosmas hataki. Anaogopa kufukuzwa. Nimembembeleza, nimemtukana, nimelia. Anasema nimemdhalilisha kwa bosi wake. Mwanaume mzima anaogopa tai.

Namdharau. Nimeandika na sifuti.

Alhamisi, 24 Oktoba
Nimefua mapema. Nepi zote, kanga, na ile chupi kuukuu ya Kosmas yenye matundu. Nimeanika mbele. Juu ya kibao.

Afisa kazi kafika, Mkurugenzi nyuma yake. Hotuba ikaanza mbele ya wakulima. Hii ni nyumba ya mtu binafsi. Kosmas anafanyia kazi kwake kwa hiari yake. Dawa kaziweka ndani mwenyewe. Afisa kazi kamgeukia Kosmas. Kosmas anachezea kifungo cha shati. Nilitamani kumzaba kofi.

Ndipo Mkurugenzi akaona chupi imefunika jina la kampuni. Looo! Mishipa ya shingo ikamsimama. "Mama Tana, nimekukataza mara ngapi? Hapa ni ofisini kwangu! Humu ndani hakiwekwi kitu bila amri yangu!"

Wakulima wakaguna. Afisa kazi kavua miwani, kaifuta taratibu, kamwomba arudie. Na mjinga yule karudia, tena kwa sauti.

Jumamosi, 26 Oktoba
Lori limebeba kila kitu. Mkurugenzi kapanga stoo karibu na soko, na matibabu ya Tana ni juu yake. Kosmas hajafukuzwa, afisa kazi kasema atarudi kukagua. Jana nzima hakunisemesha. Leo kang'oa kibao mwenyewe, kakikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga.

Nimesugua sakafu kwa majivu na sabuni. Harufu bado ipo. Madirisha nimeyaacha wazi.

Jumapili, 3 Novemba
Tumetoka misa. Tana kala uji wote. Hajakohoa tangu juzi.

Kosmas kakaa kwenye kigoda, anamtazama mtoto tu. Kisha kasema, bila kuniangalia, "Nilijua siyo vumbi."

Alikuwa ameshika bakuli lake tupu. Nikamtilia uji.