Mayai Thelathini, Mita Moja

Alhamisi, 1 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Mke mwenzangu ameletewa mashine ya kutotolea vifaranga! Mashine gani — boksi la plaiwudi, balbu mbili na sahani ya maji. Fundi Harrison wa Ukunda ndiye aliyelitengeneza.

Mbodze hajawahi kutotoa vifaranga maishani mwake. Kwao Samburu wanajua mbuzi. Miezi minane tangu mume wetu Mbwana amuoe na kumleta hapa Bongwe, na bado kila asubuhi ananiamkia shikamoo. Nina miaka thelathini na tisa! Ananizeesha makusudi.

Sababu ya mashine naijua, nimeisikia dirishani. Mbwana kamwambia mtoto wa mume mwingine yeye hamlishi. Mbodze akiwa na kipato chake, hapo Kadzo aletwe. Kadzo ni bintiye, ana miaka mitano, amebaki kwa bibi yake. Basi vifaranga wakitoka, mtoto anakuja. Wasipotoka, abaki huko huko.

Abaki huko huko. Mimi na wanangu watatu tunalala chumba kimoja.

Jumamosi, 3 Mei

Mayai thelathini, yametoka kwa jirani Mwinga. Mengine yana kinyesi. Akaniuliza, dada, niyatie hivi hivi?

Yai la kutotoa halioshwi. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo: ukiliosha linaoza. Nikamwambia ayaoshe. Na sabuni. Asugue!

Kayasugua moja moja kwa kitambaa, huku anaimba. Kanishukuru. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Jumanne, 6 Mei

Anayageuza mara tatu kwa siku. Kila yai kalitia alama ya kalamu upande mmoja asije akasahau. Wali ukaungua. Nimemsema mbele ya jirani, akainamisha kichwa tu. Nilijisikia vizuri mpaka alasiri.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya saba. Amekuja kuomba tochi ya simu yangu, yake haina. Tumejifunika kanga moja, mimi na yeye, tukaanza kumulika mayai.

Mengine maji matupu. Mengine — mishipa! Myekundu, myembamba, na katikati kitone kinarukaruka. Akanishika mkono. Dada, unaona? Unaona?

Naona. Sikupenda nilivyojisikia.

Kumi na tisa mazima. Kumi na moja tumetupa, na moja limenipasukia kiganjani. Uvundo! Nimesugua kwa ndimu na bado naunusa nikiandika. Mbodze analia kosa ni lake, ati hakuyaosha vizuri. Nimekata ndimu nyingine.

Jumapili, 18 Mei

Amempigia mama yake simu. Kadzo analetwa Jumamosi. Hata kifaranga mmoja hajatoka na mtoto ameshafungiwa nguo!

Amemnunulia ndara nyekundu. Akamvalisha mwanangu Randu ili apime, maana miguu yake na ya Kadzo inalingana. Zilipovuliwa Randu akalia sana. Nikampiga. Sijui nilimpigia nini.

Na Mbwana amelala kwake siku tatu mfululizo, zamu yangu ikiwemo. Nilipomuuliza akasema wanaangalia kipimajoto. Kipimajoto! Nina wivu, sikatai. Daftari hili peke yake ndilo linalojua.

Ijumaa, 23 Mei

Mayai yanalia.

Sikuamini mpaka nilipoweka moja sikioni. Piyo, piyo, ndani ya ganda. Mawili yana ufa. Mbodze amekaa chini tangu asubuhi, hali, hanywi. Mbwana alikuja kwangu, ni zamu yangu, akala upesi kisha akaenda kutega sikio kwenye boksi. Kwa mimba zangu tatu hakuwahi kutega sikio popote.

Umeme umebaki kidogo. Mita iko sebuleni kwangu, na waya wa chumba cha Mbodze unatoka hapa hapa. Nimemwambia Mbwana. Akasema atanunua tokeni akifika kazini Diani, anitumie namba kwa simu.

Jumamosi, 24 Mei

Saa mbili asubuhi umeme umeisha. Mvua haijakata, baridi inaingia mpaka kitandani.

Saa mbili na robo simu imelia. Namba ishirini za tokeni. Kuzibonyeza kwenye mita ni dakika moja.

Saa tatu Mbodze akaja. Shikamoo dada, tokeni imeingia? Nikamwambia bado.

Saa nne akarudi. Bado. Amempigia Mbwana, lakini Mbwana ni mlinzi, na akishaingia zamu getini simu huifungia kabatini, tajiri hataki. Mimi nilijua.

Saa tano hakuuliza. Aliingia na mayai ndani ya kanga, mengine keshayafunga tumboni. Akasema mwili wake hautoshi. Wewe una mwili wa joto, dada. Akanilegeza kanga kwa mikono yake mwenyewe, akanipanga mayai matano kwenye ngozi, akanifunga tena vizuri, taratibu. Mikono yake baridi! Akasema Kadzo na bibi yake wameshafika Ukunda, wanangoja mvua ipungue wapande boda. Akanibusu kichwani. Akaondoka.

Sasa ni saa saba kasoro. Naandika kwa mkono mmoja. Simu iko chini ya paja, namba ziko pale pale. Nikiinuka mita iko hatua nne. Nimejiambia nimalize mstari huu kwanza. Kisha ule.

Mmoja ametoboa. Nausikia mdomo wake, umelowa, unanidonoa chini ya kitovu. Nimepiga kelele kidogo, nikaziba mdomo wangu.

Mbodze anaita kutoka mlangoni kwake. Dada, hao wako bado wanalia?

Wote, nimemjibu.

Wanalia watatu.