Kwa Nini Hawakulikataa Jina Lile?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida ni watu wanaoniomba mimi, maana mtaa huu hakuna duka, kinyozi wala zahanati iliyofunguliwa bila mimi kuichorea bango, na kuna meneja mmoja wa benki aliahirisha ufunguzi siku tatu akisubiri nipone mafua.

Sasa sikia dhuluma. Mume wa dada yangu ni seremala, watu humwita Randa, na mteja akitafuta vitanda vyake mtandaoni anakutana kwanza na tovuti inayoitwa Randa ni Punda, ndani haina kitu, ukurasa mweupe tu, lakini jina lenyewe linatosha, na wiki jana shule iliyotaka madawati ilimpigia kumuuliza ana ugomvi gani na watu, kisha ikaenda kwa fundi mwingine. Dada yangu hali chakula, analia tu. Randa akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye unayeijua mitandao, twende ukanisemee," nami nikaenda naye mpaka ofisi inayosajili majina ya tovuti, nikapiga meza, nikamwambia binti wa kaunta kwamba mimi kabla sijachovya brashi nasoma kwanza ninachoambiwa niandike, na mtu aliyeniletea tusi la jirani yake nilimfukuza huku ngazi iko begani, sasa nyie mnashindwaje kusoma maneno matatu?

"Mzee, sisi tunasajili, hatusomi," akasema. "Aliyelisajili akiomba lifutwe, ni dakika tano. Ni nani, hatutaji."

Hatusomi. Ofisi nzima, viti vya kuzunguka, kiyoyozi, na hakuna mwenye macho.

Mshauri, ofisi hizi si zilazimishwe kukataa majina ya matusi? Wangelikataa siku ile, leo nisingekuwa nakuandikia, kwa sababu, na hili libaki kwako, fomu niliijaza mimi, mwaka jana, siku Randa aliposema mbele ya watu kwamba simba niliyemchora kwenye duka la viatu ni mbuzi aliyenyeshewa, nikalilipia miaka mitano ili limuume vizuri, na kesho yake hasira zikaisha nikadhani hakuna atakayeliona. Na yule simba, jana nimepita kumtazama. Kweli ana ndevu.

Mjomba wa Brashi

Mjomba wa Brashi,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Kuhusu ofisi una haki. Anayepokea jina ili dunia nzima ilisome hawezi kusema yeye halisomi, na tusi la kumlenga mtu anayejulikana lilistahili kurudishwa palepale kaunta. Andika malalamiko, nami nitatia sahihi. Lakini mlinzi akilala, mwizi hamshitaki mlinzi. Ulimfukuza mtu wa tusi, kisha ukaenda ukawa yeye. Na shemeji yako alipokuamini umsemee, uliipiga ile meza huku unajua. Hapo ndipo umenikera.

Kesho, kabla hujachanganya rangi, rudi kwa yule binti, peke yako, bila kelele, ulifute. Kutoka hapo nenda shuleni, useme kwa mdomo wako ni nani aliyeandika na kwa nini. Kisha karakanani kwa Randa, dada yako akiwepo, asije akasikia kwa mtu mwingine. Omba radhi, usieleze.

Halafu mchoree bango jipya la karakana. Maandishi tu. Usichore mnyama yeyote.